Namba 47 Hajarudi

Kule kwetu Skelbeck mtu husamehewa mengi. Anaweza kulewa siku ya mazishi, anaweza kumuuzia shemeji yake kondoo mgonjwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili tutakuwa tunacheka naye. Lakini liko jambo moja ambalo hatulisamehe: kuingia kwenye mbio za mlimani, kuishia katikati, na kwenda zako nyumbani bila kutaja namba yako kwenye meza ya daftari. Umemaliza wa kwanza? Taja namba. Umeteguka mguu kituo cha pili? Chechemea, uje utaje namba. Umechoka tu na umeona mambo haya ni ya wendawazimu? Vyema, lakini njoo utaje namba. Asiyetaja namba anahesabiwa kuwa yuko mlimani bado, na hatuli chakula mpaka apatikane.

Hartley Fearon, mwenye bucha mkabala na kanisa, alilijua hilo kuliko wengi wetu. Pai za nyama za karamu ya mbio zilitoka mikononi mwake kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka juzi utumbo wake ulipasuka huko juu akiwa mazoezini, na kikosi cha uokoaji, wote watu wa kujitolea, walimteremsha kwa machela kwa saa nne kwenye mvua. Machela yenyewe ilikuwa kuukuu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Kwa hiyo mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na mitatu, Hartley alitangaza kwamba atakimbia zile maili kumi na nne awachangishie machela mpya.

Karatasi ya ahadi ilibandikwa ukutani karibu na mizani. Kila aliyekuja kununua nyama aliandika jina na kiasi. Bi Ivy Sugden, mjane mwenye ulimi usio na mfupa, aliandika: pauni tano akimaliza, pauni kumi akianguka topeni.

"Ala, Bi Ivy! Unaniombea mabaya?"

"Sikuombei kitu, mwanangu. Naiona tu hiyo miguu. Nipimie soseji sita."

Kijiji kizima kilijua kwamba Hartley alipasuliwa. Jambo ambalo Lorna mkewe alilijua peke yake ni kwamba alirudi kutoka hospitali na ncha ya utumbo ikichungulia ubavuni, na choo chake kikiingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni kwa gundi. Kwa ajili ya mfuko huo aliacha kula mbele za watu. Karamu ikifika, husema ameshiba. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba Fearon siku hizi anaringa, hali hata pai zake mwenyewe.

Asubuhi ya mbio, pai mia moja na ishirini zilikuwa zimekwisha fika ukumbini. Jikoni kwao Lorna alikuwa akipanga vitu kwenye begi dogo la kiunoni.

"Mfuko wa akiba nimeuweka chini kabisa, pamoja na kitambaa. Usije ukaniambia hukuuona."

"Mke wangu, begi linakaguliwa kabla ya mbio."

"Acha likaguliwe."

"Linakaguliwa na Bi Ivy! Anamwaga kila kitu mezani, anashika kimoja kimoja mbele ya watu kama anauza mitumba. Akiushika huo nitamwambia ni nini, soksi?"

"Mwambie ukweli."

"Halafu Jumatatu nani atanunua nyama kwangu? Watasema, yule mwenye mavi kiunoni ndiye anayetusagia soseji."

"Unanawa mikono kuliko daktari, Hartley."

"Mimi najua, na wewe unajua. Bi Ivy hajui."

Lorna alimtazama, akaguna, akaenda kuwasha gari. Alikuwa amechoka na ubishi huo. Ulikuwa wa miaka miwili. Alipotoka tu, Hartley aliutoa mfuko wa akiba akausokomeza kwenye droo ya vitambaa vya kukaushia vyombo.

Uwanjani mambo yalikwenda kama alivyosema. Bi Ivy aliligeuza begi juu chini. "Ramani. Dira. Filimbi, hebu ipulize niisikie. Koti la mvua. Chakula. Haya, nenda kaanguke, pauni kumi zangu ziko tayari." Watu wakacheka, na Hartley akacheka pamoja nao, moyo wake mweupe. Mzee Wilf Mounsey, mwalimu mstaafu aliyekuwa akishika daftari la mbio tangu enzi za baba zetu, akaandika majina sitini na mawili. Saa tano kamili kengele ikapigwa.

Na kwa kweli alikimbia vizuri. Hakuwa na kasi, kasi hakuwahi kuwa nayo, lakini alipanda mwinuko wa kwanza bila kusimama na wa pili akisimama mara moja tu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini mwa mlima. Kwenye kituo cha tatu, Glenda Birkett, mfugaji wa kondoo na kiongozi wa kikosi cha uokoaji, alikuwa amesimama peke yake na kopo la chai, matone yakimdondoka puani.

"Arobaini na saba!" Hartley akapiga kelele.

"Nimekuona. Mbona rangi yako kama ya mgonjwa?"

"Nimeshakuwa mgonjwa, Glenda. Hii ndiyo rangi yangu nikiwa mzima."

"Pita basi, usinichekeshe, nina baridi."

Alipita akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka miwili. Maili sita zilikuwa zimebaki, tena nyingi za kuteremka. Akaanza kuhesabu kichwani machela ile mpya itakavyokuwa.

Dakika ishirini mbele, kwenye mteremko wa mawe madogo, mguu wa kushoto ulimponyoka. Alianguka kifudifudi, akaburuzika kwa tumbo hatua nne tano, akatulia topeni. Mifupa ilikuwa salama. Alipokaa, akasikia joto likitambaa kiunoni na kwenye paja, kisha harufu. Jasho lilikuwa limekwisha legeza gundi, na mawe yakamalizia kazi. Mfuko ulikuwa unaning'inia kwenye kaptura yake, mtupu.

Alipapasa begi kabla ya kukumbuka droo ya jikoni.

Alijifuta kwa majani na maji ya kijito, akafunga koti la mvua tumboni, lakini utumbo hauna breki, unatoa utakapo. Mbele yake, kituo cha nne kilikuwa kwenye lango ambapo watu hukusanyika kushangilia na kupiga picha. Chini yake, kando ya ukuta wa mawe, njia ya kondoo iliteremka moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba yake. Hartley alipima njia zote mbili. Akajiambia: nitakwenda nyumbani, nioge, nibandike mfuko mpya, halafu niende mezani nikataje namba. Nusu saa tu. Nani atajua?

Akashika njia ya kondoo.

Alifika, akaoga, akabandika mfuko mpya, akavaa nguo safi. Mpaka hapo hakuna ambacho kisingerekebishika. Lakini alipofika mlangoni alijiona kwenye kioo, msafi, nywele zimechanwa, na akaona pia jinsi atakavyotokea uwanjani na swali litakaloulizwa. Kwa nini umeoga? Akarudi kukaa kidogo atafute jibu. Robo saa ikapita, na sasa palihitajika jibu la robo saa nayo. Ndivyo aibu ilivyo, kadiri unavyoilea ndivyo inavyonenepa.

Simu ya nyumbani ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena, akaitazama. Ilipolia mara ya tatu alikuwa amejiziba masikio kwa viganja, mtu mzima mwenye bucha na mvi kichwani.

Saa tisa alisikia gari la kikosi likipita nje kwa kasi kuelekea mlimani. Alijua linamtafuta nani. Ingetosha afungue dirisha na kupunga mkono, basi. Hakufungua dirisha, na mimi ninayesimulia sina la kumtetea hapo. Alikuwa akilia.

Lorna aliingia saa kumi kasoro. Hakuja kumtafuta mumewe. Alikuja kuchukua picha yake, kwa sababu polisi walitaka picha, na blanketi, kwa sababu Glenda alimwambia alete blanketi. Alisukuma mlango wa jikoni akamkuta amekaa mezani.

Kwanza alishika ukuta. Halafu akamwendea, akampapasa uso, mabega, mikono. Halafu akamzaba kofi.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Nimesimama pale uwanjani saa mbili nikijiambia leo narudi nyumbani mjane. Nimepiga simu mara tatu!"

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Mfuko ulitoka, Lorna. Nilijichafua mwili mzima."

"Na wa akiba?"

Hartley akatazama droo. Lorna akayafuata macho yake, akaifungua droo, akautoa mfuko katikati ya vitambaa vyake vya vyombo. Akauweka mezani mbele yake.

"Watu kumi na wanne wako juu," akasema. "Tangu alfajiri wamesimama vituoni, hawajala, na sasa wamerudi kwenye ukungu wakiita jina lako. Glenda anateremka kwenye korongo kwa kamba kwa sababu aliona kitu chekundu akadhani ni koti lako."

"Nitawaambia nilizimia. Nilipotea, nikajikuta nyumbani."

"Utawaambia?"

"Lorna, nifikirie basi! Nikisema ukweli, bucha imekwisha. Ni pai zangu ziko pale mezani. Wakijua, nani atatia mdomoni?"

"Mficha uchi hazai, Hartley. Miaka miwili nimekufichia, nimefua shuka saa tisa usiku ili jirani asizione kwenye kamba. Sikulalamika, kwa kuwa ulikuwa mwili wako na siri yako. Leo imekuwa ya watu kumi na wanne. Vaa viatu."

Akavaa viatu.

Ukumbini watu wote walikuwa wameketi mbele ya sahani tupu. Pai zilipangwa kwenye meza ndefu chini ya vitambaa vyeupe, njegere zimepoa na kushikana, na hakuna aliyekuwa ameonja hata kijiko. Wakimbiaji wenyewe walikuwa bado na tope miguuni. Hartley aliingia akiwa na shati safi na nywele zilizochanwa, na naweza kukuambia kwamba ile milio ya viti vikigeuka ilimuuma kuliko lile kofi.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mzee Wilf.

"Namba?" akauliza mzee, kwa mazoea. Halafu akainua uso. "Hartley! Mungu wangu. Umetokea wapi?"

"Arobaini na saba," akasema Hartley. "Nimetokea nyumbani."

Mzee Wilf alichukua redio ya mkononi. "Glenda, teremkeni. Amepatikana. Ni mzima."

"Wapi?" redio ikakoroma.

"Nyumbani kwake."

Kisha sauti ya Glenda ikasema, "Tunakuja."

Kuja kwao kulichukua saa nzima. Saa nzima Hartley alisimama kando ya ile meza, Lorna ubavuni mwake, na hakuna aliyemsemesha isipokuwa mmoja. Mzee Wilf, ambaye alimfundisha kusoma na ambaye hakupenda kuona mtu akiumbuka, alimwinamia mara moja akanong'ona: "Labda ulijigonga kichwa, mwanangu? Mtu akijigonga kichwa hajui atendalo. Tutaelewa."

Huo hapo mlango wa kutokea, umeshafunguliwa na mtu mwenye huruma. Hartley alitazama sakafu, akatazama pai chini ya vitambaa vyake. Lorna hakumtazama wala hakumgusa.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Kichwa changu kilikuwa sawa."

Glenda aliingia wa kwanza, kumi na watatu nyuma yake. Maji yaliwatiririka wakafanya dimbwi pale mlangoni. Viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na kamba. Alikuja mpaka akasimama hatua moja mbele ya Hartley.

"Sababu," akasema. Neno hilo tu.

Hartley akaanza kwa sauti ndogo. Bi Ivy, aliyekuwa nyuma kwenye masufuria, akafoka: "Paza sauti! Na sisi tulikuwa na njaa!"

Akapaza. Alisema alipopasuliwa waliutoa utumbo wake nje ya tumbo, na kwamba huyu wanayemwona anatembea na mfuko wa choo chini ya shati, mchana na usiku, mpaka siku atakayokufa. Alisema mfuko ulibanduka mlimani, akajichafua, akaona aibu, akaenda nyumbani. Alisema wa akiba alikuwa nao akauficha asubuhi usionekane kwenye ukaguzi. Alisema alisikia simu, na alisikia gari likipita. Hakuacha kitu. Akamaliza: "Na hizo pai nimezipika mimi, jana na usiku wa kuamkia leo. Nimenawa mikono. Lakini mna haki ya kujua. Na ahadi zote kwenye karatasi nazifuta, sikumaliza."

Glenda akajifuta maji usoni.

"Nimesikia," akasema Glenda. "Sasa na wewe nisikilize. Mwaka juzi tulipokubeba, ulikuwa umejinyea tangu kiunoni hadi kwenye soksi. Hukumbuki, ulikuwa hujitambui. Nani unadhani alikufuta? Miaka kumi na tisa nabeba watu kwenye mlima ule, wazima na maiti, na sijambeba msafi hata mmoja. Na wewe ukadhani mavi yako ndiyo yatakayonitisha?"

Glenda akanyoosha kidole kuelekea uwanjani.

"Ungesimama nyuma ya ukuta, hatua mia kutoka mezani, ukapiga kelele: arobaini na saba, naenda kuoga! Nani angekufuata? Mfuko wako sina neno nao. Nina neno na lile gari ulilolisikia likipita. Kwa hilo nimekasirika, na nitakasirika kwa muda mrefu."

"Una haki, Glenda."

"Najua nina haki. Wilf, funga daftari."

Mzee Wilf akaandika. "Walioondoka, sitini na wawili. Waliorudi, sitini na wawili." Akafunga daftari na kusema kama anavyosema kila mwaka: "Tule."

Hakuna aliyeinuka. Bi Ivy aliondoa vitambaa. Pai zilikaa pale, zimepangika vizuri, kila moja na jani la unga juu yake, alama ya bucha ya Fearon. Watu walizitazama, kisha wakatazama sahani zao, kisha wakaanza kutafuta vitu mifukoni. Hartley aliona. Alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo mara nyingi kichwani mwake, lakini kuliona kwa macho ni kitu kingine. Lorna akamshika mkono sasa, kwa nguvu.

Glenda Birkett alikwenda mezani na viganja vyake vilivyochubuka. Hakuchukua sahani. Alichukua pai, akaimega kwa meno karibu nusu, akatafuna akiwa amesimama, maji yakimdondoka kidevuni. Ukumbi mzima ulimtazama anavyomeza.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Kila mwaka inazidi," akasema Bi Ivy. "Haya, pangeni mstari! Njegere zimekuwa mawe, msinilaumu mimi."

Viti vikaburuzwa. Si wote waliokula; nilihesabu pai ishirini na tatu zilizobaki, na mwaka mwingine huwa haibaki hata moja. Hartley alipewa kiti. Bi Ivy alimjia na sahani, akakwangua njegere zote kwa kijiko akazirudisha kwenye sufuria. Dada yake, akasema, alikuwa na mfuko kama huo miaka tisa, na njegere zilikuwa zikimsumbua. Halafu akatoa noti ya pauni kumi kwenye aproni akaiweka chini ya ukingo wa sahani.

"Ulianguka topeni au hukuanguka?"

"Nilianguka."

"Basi. Kula, watu wasiseme unaringa."

Akala mbele za watu. Machozi yalichanganyika na mchuzi, na hakuna aliyejifanya hayaoni.

Wateja wawili hatukuwaona tena buchani. Mpaka leo wananunua nyama mjini, maili kumi na moja, na mafuta ya gari juu yake. Wengine walirudi, baadhi Jumatatu, baadhi baada ya wiki kadhaa. Karatasi ya ahadi Hartley aliibandua kama alivyosema. Jumatano alikuta Glenda ameibandika tena, na chini yake ameandika kwa kalamu nene: Jumamosi, saa tano.

Jumamosi hiyo alikuwa mkimbiaji peke yake. Watu wa vituoni walikuwa wamepanda mlimani tangu asubuhi, kila mmoja mahali pake, na Bi Ivy alikuwa na meza yake ya ukaguzi kana kwamba wanakuja sitini. Akaligeuza begi juu chini.

"Ramani. Dira. Filimbi. Koti la mvua. Chakula. Mfuko." Akaushika, akautazama pande zote mbili, akauweka kwenye mstari pamoja na vingine. "Mmoja tu? Na huu ukipasuka? Lorna, mletee mwingine, siruhusu mtu kupanda na kifaa nusu."

Alitumia saa tatu na dakika arobaini. Aliingia uwanjani amelowa, anachechemea, mkono mmoja umeshika ubavu. Mzee Wilf alikuwa ameketi mezani, daftari limefunuliwa kwenye ukurasa wenye jina moja.

"Namba?" akauliza, wala hakuinua uso.

Hartley akaitaja kwa sauti ambayo kondoo wa ng'ambo ya ukuta waliinua vichwa.